Pedali A iko upande gani?

Najua nimepotea. Wiki tatu bila kuandika, na wengine mmeshaniuliza kama mitihani imenimeza. Mitihani bado. Kilichonimeza ni gitaa la nyuzi kumi, pedali tatu na nyenzo nne za magoti. Leo kuna ufundi kidogo, lakini vumilieni, nitaenda polepole.

Kama ulikulia Kenya kwa wazee wanaopenda Don Williams na Charley Pride, hii sauti unaijua hata kama hujui jina lake. Ni ile inayolia kwa nyuma, noti inapanda taratibu kama mtu anavuta pumzi, halafu inashuka. Baba yangu kule Eldoret huiita "ile ya kulia". Jina lake ni pedal steel. Sasa mimi nimeletwa na masomo hapa Tennessee, kwenye boma la hiyo sauti. Ningeachaje kuitafuta?

Gitaa lenyewe limelala kama meza yenye miguu minne na wewe unakaa nyuma yake. Mkono wa kulia unachuna nyuzi, wa kushoto unatelezesha kipande cha chuma juu yake. Mistari iliyochorwa chini ya nyuzi ni ya macho tu, hakuna unapobonyeza. Mguu wa kulia uko kwenye pedali ya kuongeza na kupunguza sauti. Kazi ngumu ni ya mguu wa kushoto na magoti yote mawili, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyovuta nyuzi zibadilike noti wakati bado zinalia.

Mpangilio wa kawaida wa muziki wa kantri unaitwa E9. Pedali A inavuta uzi wa 5 na wa 10 kutoka B hadi C#. Pedali B inavuta wa 3 na wa 6 kutoka G# hadi A. Pedali C inapandisha uzi wa 4 kutoka E hadi F#, na wa 5 kutoka B hadi C#. Halafu nyenzo za magoti: mmoja unapandisha nyuzi za E, yaani wa 4 na wa 8, ziwe F, na mwingine unazishusha ziwe D#. Nyingine zina kazi ndogondogo, tuziache.

Utamu uko hapa. Ukitaka kodi ya G (kodi ya muziki wasee, si ya KRA), unaipata kwenye mstari wa 3 bila kugusa pedali yoyote. Unaipata tena kwenye mstari wa 6 ukikanyaga A na kusukuma ule wenzo wa F. Unaipata mara ya tatu kwenye mstari wa 10 ukikanyaga A na B pamoja. Kodi moja, milango mitatu. Kucheza vizuri ni kujua utatokea mlango gani kwenda upi, na mguu uwe umefika kabla hujafikiria.

Haya mambo hayakushuka kutoka mbinguni. Bud Isaacs alipopiga kwenye wimbo "Slowly" wa Webb Pierce, uliotamba mwaka 1954, watu walisikia kwa mara ya kwanza kwenye wimbo mkubwa pedali ikikanyagwa huku nyuzi zikilia. Kwake yeye, A na B zilikuwa pedali moja. Baadaye kidogo kijana mmoja, Buddy Emmons, akaona afadhali zitenganishwe, kila moja ifanye kazi yake. Wapigaji wakaendelea kuongeza wanachohitaji. Ndiyo maana gitaa hili halifanani na piano. Piano, uwe Nairobi au Tokyo, C iko palepale. Huku kila mtu ana mpangilio wake, na ukikaa kwenye gitaa la mwenzako unauliza kwanza.

Hata hivyo kuna kambi mbili kubwa. Mpangilio wa Emmons unapanga pedali kutoka kushoto: A, B, C. Ule wa Jimmy Day unapanga C, B, A. B inabaki katikati. Usione ni jambo dogo, watu hubishana kama Gor na Ingwe. Walio wengi wako kwa Emmons, kwa hiyo masomo mengi, vitabu vingi na magitaa mengi utakayokutana nayo ni ya Emmons.

Mimi nilipenda kuwa upande wa wengi. Tatizo ni kifundo changu cha kushoto. Kidato cha tatu nilivunjika nikicheza mpira, na mpaka leo kuna chuma ndani. Kwenda mbele na nyuma kinaenda, kulalia ndani kinalalia, ila kulalia upande wa nje kinakataa. Sasa fikiria: mguu umekaa juu ya A na B pamoja. Kwa Emmons, ukitaka kubaki na A peke yake, unauviringisha mguu kushoto, kwa nje, dole gumba liinuke kutoka B. Ni mwendo unaorudiwa mara nyingi katika wimbo mmoja. Kwa Day, A iko kulia, kwa hiyo unauviringisha kwa ndani. Kwangu mimi huo ndio mwendo ninaoweza.

Basi si ubadilishe tu? Ngoja kwanza. Gitaa si langu. Ni la mzee mmoja wa kanisa jirani na campus, aliyelipiga zaidi ya miaka arobaini, mpangilio wa Emmons. Baridi yabisi imemshika vidole. Kila Jumamosi naenda kwake, anapiga nyimbo mbili kabla vidole havijachoka, halafu ananipisha kiti. Hana gitaa lingine. Tukiligeuza liwe langu, miguu yake haitalijua tena.

Nilimwambia nitazoea tu. Aliniangalia nikipiga, macho yakiwa chini ya meza muda wote, kisha akasema kifundo chenye chuma hakizoei, kinavumilia, na muziki wa kuvumilia unasikika. Akaniambia nilete bisibisi.

Lakini alipiga kwanza. Si nyimbo mbili, alipiga karibu nusu saa, na mimi sikusema kitu.

Kisha tukalipindua gitaa juu ya blanketi. Chini yake ni kama tumbo la baiskeli: pedali inavuta ufito, ufito unazungusha mhimili, mhimili unavuta fito nyingine nyembamba zinazofika mwisho wa nyuzi. A na C zibadilishane, hizo ni fito nne. Na huwezi kuishia hapo. Wenzo wa F hutumika sana pamoja na A, kwa hiyo mguu ukienda kulia goti nalo lazima liende kulia, la sivyo unajinyonga. Basi nyenzo mbili za goti la kushoto nazo zikabadilishana, fito nne nyingine. Jumla nane, jioni mbili, halafu kulisawazisha upya: kwanza nyuzi zikiwa huru, kisha kila pedali ikiwa imekanyagwa, kisha kila wenzo.

Tulipomaliza alikaa akakanyaga pedali ya kushoto kabisa kutafuta A. Ikaja C. Akacheka sana, akainuka, na tangu siku hiyo hajakaa tena kwenye kile kiti. Sasa ananifundisha kwa mdomo. Anasema "A" na mimi najua ni kulia, yeye mguu wake chini ya kiti unaenda kushoto. Nauona. Ananiona nikiuona.

Gharama ipo. Kila somo ninalolikuta naligeuza kichwani, na nikienda mahali wanapopiga pamoja siwezi kuazima gitaa la mtu. Lakini kile kitendo cha kutoka A na B kubaki A peke yake kinatoka safi sasa, na macho yangu hayako tena chini ya meza. Aliniachia kitu kikubwa kuliko gitaa la kuazima, na njia pekee ya kumlipa ni kupiga vizuri Jumamosi kwa Jumamosi, yeye akiwa hai wa kusikia.

Wiki hii tuko kwenye pedali C, ambayo sasa iko kushoto. Nikiiweza nitarekodi kitu kidogo nimtumie baba, mtakaotaka kusikia niambieni. Na wewe unayepiga chombo chochote chenye sehemu ya kukanyaga: mguu wako ulikizoea, au ulikibadilisha?

Ni hayo tu kwa leo. Tupo pamoja.