Nyanya Nzuri ni ya Mbegu

Mwezi wa saba, mvua zikiwa zimekwisha na vumbi limetanda, tulisafiri akina mama watano wa kanisa letu kutoka Kahama kwenda Segese, mkoani Shinyanga. Barabara hiyo inaelekea Kakola, kwenye mgodi wa Bulyanhulu ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Njiani tulipishana na pikipiki zilizobeba viroba vya mawe, na vijana wenye sururu mabegani. Huku kila mgeni hudhaniwa amefuata dhahabu. Sisi tulikuwa tumefuata mbegu.

Mwenyeji wetu, mama wa watoto sita, alitukaribisha kwa michembe, karanga na chai. Mume wake yuko mashimoni.

"Mwezi huu analeta fedha, mwezi ujao analeta nguo za kufua," alisema. Tulicheka naye, lakini tulimwelewa. Bustani iliyo nyuma ya nyumba ndiyo inayonunua chumvi, sabuni na madaftari.

Katika bustani hiyo tuliona nyanya moja kubwa, nyekundu, imefungwa uzi mweupe kwenye kikonyo. Mmoja wetu alitaka kuinunua.

"Hiyo haiuzwi, dada. Hiyo ni ya mbegu."

Tulitazamana. Miaka yote sisi tuliuza nyanya nzuri, na mbegu tukachukua katika zile zilizopasuka na kukosa mnunuzi. Nyanya zetu zikazidi kuwa ndogo, nasi tukalaumu udongo!

Mama mwenzetu unayeanza, fanya kama tulivyoonyeshwa. Kwanza, chagua mche wenye afya, usio na mnyauko wala bakajani, uliozaa vizuri. Usichukue mbegu za nyanya chotara, maana watoto wake hawafanani na mama yao. Aina kama Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa nchini mwaka 1997, si chotara. Mbegu zake hurudi vilevile.

Acha tunda liive kabisa. Likate, kamulia mbegu pamoja na maji yake katika kikombe, funika kwa kitambaa, weka kivulini siku 2 au 3. Koroga kila siku. Litanuka na kutoa povu, usiogope. Uchachu huo ndio unaoondoa ute unaozuia mbegu kuota. Usizidishe siku, zisije zikaota humo humo. Kisha mimina maji safi: mbegu nzuri huzama, nyepesi huelea. Mwaga zinazoelea, osha zilizozama, zianike kwenye sahani kivulini penye upepo kwa muda wa wiki moja. Usitumie karatasi, kwani zitagandamana nayo.

Maua ni rahisi zaidi. Kando ya ua palikuwa na zinia zinazopamba kanisa siku ya Jumapili. Ua huachwa kwenye shina mpaka likauke na kuwa la kahawia, ndipo hukatwa na kufikichwa kiganjani. Ila nyuki huchanganya rangi, hivyo usishangae jekundu likizaa la waridi.

Hifadhi mbegu kavu katika chupa yenye kifuniko, mahali pa baridi na giza, na uandike aina na mwaka. Zikitunzwa hivyo, mbegu za nyanya huweza kuota hata baada ya miaka 3.

Hapa tunasema kama wauguzi: chupa iliyokuwa na zebaki ya kukamatia dhahabu, au dawa ya wadudu, usiitumie kamwe, hata ukiiosha mara kumi. Wala usimwagilie bustani kwa maji ya mabwawa ya kuoshea dhahabu. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye bado tumboni.

Tulipokuwa tukiaga, mtoto mdogo wa mwenyeji wetu aliililia ile nyanya yenye uzi. Mama yake alimchumia nyingine, ndogo kidogo, akampangusa machozi. Kisha akatufungia kila mmoja mbegu kijiko kimoja.

"Mkivuna, nirudishieni kijiko."

Mwaka huu nasi tumefunga uzi. Mnunuzi amekwisha kuiulizia mara mbili, na siku hiyo ndani hapakuwa na sukari. Tulikunywa chai kavu. Nyanya bado iko kwenye mche wake.