Murongo: Mashamba mawili ya bibi mmoja

Ukipanda gari Omurushaka kuelekea Murongo, jiandae kwa vumbi. Unapita Nkwenda, Isingiro na Kaisho, migomba ikiwa pande zote mbili, kisha barabara inateremka hadi Mto Kagera. Ng'ambo ni Kikagati, Uganda. Mpakani utakuta maroli, wauza ndizi na vijana wa bodaboda wanaochanganya Kinyambo, Kinyankole na Kiswahili bila kujali.

Nilikwenda kuandika kuhusu lishe ya watoto. Nikaishia shambani.

Mwenyeji wangu alikuwa bibi yake rafiki niliyesoma naye chuo. Nilipomwomba anionyeshe anapolima, alicheka. "Mjukuu wangu, si umesema wewe ni mtu wa afya? Shambani unataka nini?"

Nikamwambia chakula cha wajukuu zake kinaanzia huko. "Haya, vaa buti," akasema.

Shamba la kwanza ni kibanja, kinachoizunguka nyumba. Migomba na mibuni imesimama pamoja, maharage chini yake, na ardhi imefunikwa nyasi na majani makavu. Niliingiza vidole kwenye udongo vikazama. Ni mweusi, laini, una unyevu ingawa mvua ilikuwa imekata kwa wiki nzima.

Shamba la pili liko mlimani, mwendo wa dakika ishirini. Huko wanalima mahindi. Udongo umepauka na ni mgumu, na majani ya chini ya mahindi yalikuwa ya njano kuanzia nchani, dalili ya kukosa naitrojeni. Mvua ni ile ile, jembe ni lile lile, mkulima ni yule yule. Kwa nini tofauti iwe kubwa hivi?

Jibu nililiona tukirudi. Mkwe wa bibi alikuwa uani akipiga maharage. Yaling'olewa mlimani na mizizi yake yakabebwa nyumbani. Maganda yanakwenda chini ya migomba. Mabua ya mahindi nayo hushuka, na nyasi hukatwa mbugani zikatandazwe kibanjani. Kila kitu kinateremka kwenda nyumbani. Mlimani hakuna kinachorudi.

Hivi ndivyo vibanja vya Wahaya na Wanyambo vilivyojengwa kwa vizazi. Udongo mweusi ule ni kazi ya mikono, nyasi na samadi ya ng'ombe. Ndiyo maana bibi alipoyasema haya alinyamaza kidogo kwanza: ng'ombe wao wa mwisho aliuzwa miaka miwili iliyopita ili kulipia masomo ya mjukuu mkubwa. Tangu hapo mikungu imeanza kuwa midogo.

Sasa nyumba ina mjadala. Mkwe anataka wanunue mfuko wa urea kwa ajili ya mahindi. Bibi anasema mbolea ya dukani inaua udongo. Nilikaa katikati yao, na kwa kweli kila mmoja ana hoja.

Mmea unahitaji naitrojeni ili utengeneze protini. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23, na mahindi yenye njaa huonyesha mabadiliko upesi. Lakini urea haiongezi mboji. Mboji kwa sehemu kubwa ni kaboni, mabaki ya mimea na samadi yaliyooza, nayo ndiyo inayoshika maji na kuutunza udongo usiwe mgumu. Aidha, urea ikitumika miaka mingi peke yake huongeza tindikali.

Huko Rothamsted, Uingereza, kuna shamba liitwalo Broadbalk ambalo limekuwa kwenye majaribio ya ngano tangu 1843. Sehemu inayowekewa samadi kila mwaka ina kaboni zaidi ya mara mbili ya ile inayopata mbolea ya viwandani pekee. Hata hivyo, ile ya mbolea ya viwandani imeendelea kuzaa vizuri, na udongo wake una kaboni kidogo zaidi ya usiowekewa chochote, kwa sababu mimea mikubwa huacha mizizi na mashina mengi. Mbolea ya dukani haiui udongo. Ila haiulishi vya kutosha.

Na maharage je? Wengi wetu tulifundishwa kwamba ukipanda maharage baada ya mahindi, udongo unarudishiwa rutuba. Ni kweli kwa sharti. Bakteria walio kwenye vinundu vya mizizi huchukua naitrojeni hewani. Lakini sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye punje, na maharage ya kawaida huchukua kidogo kuliko soya au karanga, hasa fosforasi ikipungua. Ukivuna punje, ukang'oa mizizi na kubeba maganda, umehamisha hata ile kidogo iliyobaki.

Kwa nini nayaandika haya kwenye ukurasa wa familia? Kwa sababu ndizi ni wanga zaidi, na protini ya nyumba nyingi za huku inatoka kwenye maharage. Mavuno yakiwa machache, debe linalouzwa kwa ajili ya daftari ni lile lile ambalo lingeingia chunguni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 30 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sababu ni nyingi, yakiwemo maradhi na unyonyeshaji, lakini chungu ni mojawapo.

Kama nyumbani kwako hali ni hii, anza na yasiyohitaji fedha. Kata maharage kwa kisu, mizizi ibaki ardhini. Rudisha maganda shambani yalikotoka. Usichome mabua, yachanganye na maganda au samadi, kwa sababu mabua peke yake huifanya naitrojeni ishikwe na vijidudu kwa muda. Ukinunua urea, ifukie kwenye udongo wenye unyevu, la sivyo sehemu yake hupotea hewani. Na usitumie kinyesi kibichi cha chooni, kina mayai ya minyoo. Watafiti wa Berlin na shirika la MAVUNO walipokijaribu Karagwe, walikipasha moto kwanza kuua vimelea, kisha wakakiozesha pamoja na mkaa na mabaki mengine.

Jioni tulikula ndizi na maharage. Bibi alikuwa bado anapiga hesabu. "Maganda yakibaki mlimani, migomba yangu itakula nini?"

Sikuwa na jibu zuri. Bila ng'ombe, hakuna ya kutosha pande zote mbili. Mwishowe wakakubaliana: msimu huu maganda yapande mlimani, mfuko mmoja wa urea ununuliwe, na nyasi zote ziende kibanjani. Na mkwe akasema pesa ya kahawa ikija, kabla ya kitu kingine chochote, watatafuta mbuzi wawili.