Mgeni Anayeuliza Njia ya Kasongo

Kiangazi kinapokaribia, sisi wa chama huanza kupokea maulizo ya ndugu wa parokia za mbali: wa Bukavu, wa Kindu, wa Kalemie, na mara mojamoja hata wa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Wanataka kututembelea, nao huuliza mambo matatu: njia ni ipi, watalala wapi, na Kasongo kuna nini cha kutazama. Maulizo mawili ya kwanza tunayajibu bila kukutana. La tatu limetuweka kikaoni zaidi ya mara moja, na kwa ajili yake tumeandika ukurasa huu.

Tuanze na njia. Anayekuja kwa ndege kubwa hushuka Kindu, mji mkuu wa Maniema. Kindu umekaa ukingo wa magharibi wa mto Lualaba, nasi tuko upande wa mashariki; basi sharti avuke kwanza hadi Alunguli, kisha ashike barabara ya kusini, zaidi ya kilomita 200. Miezi ya Juni hadi Agosti vumbi ni jingi lakini pikipiki hupita. Masika, mwenye kupanga siku ya kufika anajisumbua bure. Anayetoka Lubumbashi au Kalemie kwa gari moshi asidanganywe na ramani: reli ya Kongolo hadi Kindu hupita ng'ambo ya pili ya mto, wala haifiki mjini kwetu. Njia ya Kabambare, iliyo ya kale kuliko zote, hatumshauri mgeni asiye na mwenyeji. Dhahabu ya Namoya na ya Salamabila imevuta watu wengi na bunduki nyingi, na habari ya jana haitoshi kwa safari ya leo. Mwulize padri wa parokia utakayopita, siku ileile utakayoondoka.

Njoo na kadi yako ya mchaguzi, maana vizuizini ndiyo kitambulisho. Njoo na chandarua. Noti zako za dola zisiwe na mpasuko hata wa ukucha, kwa kuwa hakuna mchuuzi atakayezipokea. Kuhusu malazi usihangaike: parokia ina vyumba, na vikijaa, nyumba za shirika hugawana wageni, na huwa kuna ugomvi mdogo wa nani apewe nani.

Wageni wengi hutuandikia baadaye waliyoyaona, nasi hupenda kuzisoma barua hizo. Mmoja alisema Kasongo ni mji uliolala. Tulicheka kidogo, kwa sababu alifika saa saba mchana, jua likiwa utosini. Angeamka alfajiri angesikia adhana kwanza, kisha kengele ya misa, kisha wanaume wanaosukuma baiskeli zilizobeba mabidoni ya mawese na magunia ya mchele, wakiwahi soko. Wengine hushangazwa na wingi wa misikiti, na hushangaa zaidi wanapomkuta katekista aitwaye Ramazani, au mwimbaji wa kwaya aitwaye Saidi. Hayo ni majina ya babu zetu, na ubatizo haukuyafuta. Katika familia nyingi za hapa, ndugu wa tumbo moja hugawana Pasaka na Idi, na sahani ya wali na sombe huvuka ua pande zote mbili.

Wanaotoka Bukavu huuliza kwanza habari za Askofu Christophe Munzihirwa. Kabla ya kuwa wao alikuwa wetu: aliliongoza jimbo la Kasongo tangu 1990 hadi alipohamishiwa Bukavu mwaka 1994, na huko akauawa tarehe 29 Oktoba 1996 kwa kuwa hakukubali kunyamaza. Wao huzuru kaburi lake. Kwetu wanakuja kuwasikiliza wazee waliomwona akiwa hai.

Sasa tuje kwenye lile linalotugawa.

Kasongo ya leo siyo Kasongo ya kwanza. Ile ya kwanza ni Tongoni, na jina lenyewe lasema ni mahali pa mahame. Hapo ndipo Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, alipoweka makao yake katika miaka ya 1870. Hapo alikusanya pembe za ndovu na watu. Na hapo majeshi ya Dhanis yaliingia tarehe 22 Aprili 1893, yakauondoa utawala wa Waarabu na kuleta wa Leopold, ambao nao ulikuwa na mjeledi wake. Chini kidogo mtoni kuna Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, David Livingstone aliona kwa macho yake watu wa misafara wakiufyatulia risasi umati wa sokoni. Mamia walikufa, wengi wao wanawake waliokuja kuuza, na wengi walizama Lualaba wakijaribu kukimbia.

Je, tumpeleke mgeni huko? Katika kikao cha mwaka jana mama mmoja, muuza samaki, alisimama akasema hapana. Alisema mgeni huja kufurahi, na kwamba ukimwonyesha mtu jeraha la nyumba yako atakwenda kulisimulia njiani. Mwingine akaongeza jambo zito zaidi: majirani zetu Waislamu watasemaje? Maana wakati wa mashindano ya siasa wako wanaopenda kuamsha hesabu za nani alimuuza nani, na hesabu hizo hazikosi kumwaga damu ya watu wasiohusika. Hofu hiyo hatukuidharau. Lakini wengi wetu tuliona kwamba kunyamaza kwetu hakuzuii hadithi isisimuliwe. Kunaiacha tu mikononi mwa hao wa siasa.

Tena kuna lugha. Kiswahili hiki tunachosalia, ambacho zamani watu walikiita Kingwana kwa ajili ya waungwana wa misafara, kilifika kwetu kwa njia ileile ya Ujiji na Kabambare waliyopitishwa watu katika minyororo. Mapadri Weupe, waliofika Ujiji mwaka 1879, waliikuta njia hiyo ikitembea, na miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa kando ya ziwa walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani. Hatuwezi kuipokea Injili kwa lugha hii kisha tukajifanya hatujui ilikotokea. Mchele tunaompakulia mgeni ulikuja na misafara hiyohiyo.

Basi tulikwenda Tongoni na vijana wageni, tukiongozwa na mzee mmoja Mwislamu ambaye ndiye aliyejitolea. Kijana mmoja akauliza kwa sauti, wazazi wa nani ndio waliouza watu hapa. Tulitamani ardhi itumeze. Mzee hakukasirika. Alimjibu: «Mwanangu, upande mmoja babu yangu alinunua, upande wa pili bibi yangu alinunuliwa. Unataka nimchukie yupi ili wewe uridhike?» Kisha akatuonyesha mwembe mkubwa, akaketi kivulini, akaomba maji. Yule mama muuza samaki alikuwa nasi; ndiye aliyempa.

Na ni mama huyohuyo aliyekuja mwezi uliopita na shauri jipya. Tarehe 15 Julai huangukia katikati ya kiangazi, wakati wageni wapo. Ametaka twende nao Nyangwe, na wanawake wanaouza sokoni watangulie mbele, kuwaombea wauzaji wale ambao majina yao hayakuandikwa popote. Waislamu waombe kwa namna yao, nasi kwa yetu, ukingo mmoja. Tumekubali. Ndugu wa Kalemie wameandika kwamba watakuja. Tulipomwendea yule mzee alisema atakuwapo, ila tuchague saa isiyogongana na sala yake ya adhuhuri, na mtu ampakie nyuma ya pikipiki isiyokwenda mbio. Tumepanga saa tatu asubuhi. Nyangwe haifikiki na kurudika kwa urahisi siku moja, kwa hiyo tutalala huko usiku wa kuamkia siku hiyo. Kila mtu abebe mkeka wake, na wa kwaya wasisahau taa.