Korongo la Wanavajo: usiende kichwa kichwa

Haya wapenzi, wiki hii tunatoka kidogo nje ya mji, tena mbali: Majuu kabisa, jimbo la Arizona, Marekani. Wengi wetu tukisikia Marekani akili inakimbilia New York na maghorofa yake, au Hollywood na mastaa. Lakini iko Marekani nyingine, ya mchanga mwekundu na kondoo, na wenyewe wa huko ni Wanavajo. Eneo lao lina ukubwa wa kama kilomita za mraba 71,000, limegusa majimbo matatu: Arizona, New Mexico na Utah. Wana rais wao, bunge lao na polisi wao. Wenyewe hujiita Diné, maana yake "watu", kama sisi Wabantu tu.

Mahali ninapopadundulizia mimi panaitwa Canyon de Chelly. Kwanza jifunze kulitamka, usije ukachekwa: ni "de Shei". Ni korongo lenye kuta nyekundu zilizosimama wima, na ndani yake imechomoza nguzo ya mwamba, Spider Rock, yenye urefu wa zaidi ya mita 200. Hakuna ghorofa la Posta linaloifikia! Wanavajo husimulia kuwa juu yake anakaa Mwanamke Buibui, aliyewafundisha kufuma. Mtoto mtukutu hutishiwa kwamba bibi huyo atakuja kumchukua.

Sasa tuje kwenye mipango. Ukishuka uwanja wa ndege wa Phoenix, mji wa Chinle ulio mdomoni mwa korongo uko mwendo wa zaidi ya saa tano kwa gari. Daladala hakuna, kwa hiyo ni gari la kukodi. Vijana wenzangu mnisikilize hapo: ukiwa chini ya miaka 25 makampuni mengi yanakuongezea ada. Jikusanyeni watatu au wanne, mchange.

Kuna na balaa la saa. Arizona karibu yote haibadilishi saa zake, ila Wanavajo hubadilisha kuanzia Machi hadi Novemba. Yaani kiangazi, Phoenix ikiwa saa mbili asubuhi, Chinle ni saa tatu. Ukimwahidi mwenyeji wako kwa saa ya Phoenix, ujue utamkuta keshaondoka. Na wale wa bia mbili tatu jioni, poleni: katika ardhi ya Wanavajo pombe ni marufuku.

Jambo kubwa lenyewe ni hili. Barabara mbili za juu, ukingoni, unaendesha mwenyewe na kuchungulia bila kiingilio. Kushuka kutembeatembea kule chini ni lazima uongozwe na Mnavajo. Wapo wageni wanaonuna: nimelipa nauli yote hiyo, halafu nichungwe kama mbuzi? Mimi nasema wakome. Kule chini ni nyumbani kwa watu. Zipo familia zenye mashamba na mifugo. Serikali ya Marekani ililitangaza korongo kuwa hifadhi mwaka 1931, lakini ardhi ikabaki ya Wanavajo. Wewe ungependa mtu apite uani kwenu na kamera bila hata hodi?

Tena watu hawa wamekwishaonja kuingiliwa. Januari 1864 askari wa Marekani, chini ya Kit Carson, walipenya korongoni. Nyumba zikachomwa, mifugo ikauawa, na baadaye mwaka huohuo mipichi yao ikakatwa kwa maelfu. Zaidi ya watu 8,000 walitembezwa kilomita mia kadhaa hadi Bosque Redondo, New Mexico, na wengi walikufa. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1868 baada ya mkataba. Wajukuu zao ndio hao wanaokuongoza leo.

Halafu kuna usalama wako mwenyewe. Tarehe 12 Agosti 1997, kwenye korongo jingine la Wanavajo liitwalo Antelope, watalii 11 walikufa maji. Mvua ilinyesha mbali, mafuriko yakaja ghafla, na pale njia ni nyembamba kama uchochoro. Miezi ya Julai hadi Septemba ndiyo ya mvua za radi, kwa hiyo mwenyeji akisema leo hatushuki, usibishane naye. Mei au Oktoba ni nafuu.

Basi ukianza kudunduliza, pesa ya kiongozi iweke mwanzo, si mabaki. Ukitaka kumpiga mtu picha, omba kwanza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akome!

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.