Shuka Sultan Hamud, Uende Kasikeu na Kamera

Je, msomaji, umewahi kupita Sultan Hamud ukielekea Mombasa? Bila shaka uliona maduka kandokando ya barabara, ukanunua kitu cha kutafuna dirishani, kisha ukasinzia tena. Safari ijayo, shuka hapo. Mji huo una jina la Sultani wa Zanzibar aliyetawala toka 1896 hadi 1902, lakini hatukufuata masultani. Tafuta gari la kwenda Kasikeu, eneo la Kilome, Kaunti ya Makueni. Kama una ndoto ya kuwa mpiga picha wa maisha ya wananchi, si wa arusi na sherehe za kuzaliwa, shule yako iko huku.

Usitoe kamera upesi. Tazama kwanza jinsi mashamba ya miinukoni yalivyokatwa matuta. Hayo ndiyo "fanya juu": mtaro huchimbwa, udongo ukatupwa upande wa juu, ukawa kingo la kuzuia maji ya mvua yasikombe shamba. Kazi hiyo imefanywa miaka mingi kwa mwethya, ule ushirika wa Wakamba wa kusaidiana kwa zamu, na wengi wa wenye majembe ni akina mama.

Matuta hayo yana hadithi ya picha. Picha zilizopigwa mwaka 1937 katika Machakos, wilaya iliyojumuisha Makueni wakati huo, zilionyesha makorongo na ardhi tupu. Wakoloni walisema ng'ombe wamezidi. Mwaka 1938 walianza kuwanyang'anya watu mifugo, na Muindi Mbingu akaongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kulalamika. Halafu watafiti wakarudi mwaka 1991, wakasimama palepale na kupiga upya. Watu walikuwa wameongezeka kutoka kama 240,000 hadi kama milioni 1.4, na bado ardhi ilikuwa imepona! Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapa kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1994. Ungeona picha za kwanza peke yake, ungeamini wenyeji hawa ni waharibifu tu.

Sasa teremka mtoni. Wakati wa kiangazi mto ni mchanga mtupu, na maji yamejificha chini. Mchanga huo huo hutakiwa na wajenzi wa mijini. Lori likiuzoa, maji nayo huzama zaidi. Kaunti ilitunga sheria ya mchanga mwaka 2015, lakini usidhani biashara hiyo ni ya kuchezea. Usipige picha lori ukiwa peke yako, na mwone chifu kwanza.

Mimi nilikosea huko. Nilimkuta mama mmoja ameinama katika shimo, anateka maji kwa kibuyu, punda wake kando na mitungi minne. Nikainua kamera bila hodi.

"Mwanangu," akasema bila kuinuka, "mmekuja wengi. Mnatupiga tukiwa tumeinama. Picha zenyewe huenda wapi?"

Sikuwa na jibu, msomaji. Nilikumbuka picha yangu moja ya zamani: mkulima aliyekuwa akipumzika tu, gazetini akaitwa mwathiriwa wa njaa. Jina lake sikuwa nimeuliza.

Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alipiga picha za njaa ya Korem, Ethiopia, mwaka 1984, na dunia ikaamka. Wengi wetu tuliingia kazi hii kwa sababu yake. Lakini nadhani kijana wa leo amtazame pia Boniface Mwangi, aliyechukua picha za ghasia za 2007 na 2008 na, mwaka 2009, akazirudisha mitaani katika maonyesho ya Picha Mtaani ili waliopigwa na waliopiga wajitazame.

Basi niliweka kamera chini, nikashika mtungi. Ilichukua karibu saa nzima kujaza yote minne, maana maji huja kidogo kidogo. Tulipopanda hadi kwake, mama alibadili kitambaa cha kichwa, akasimama juu ya kingo la shamba lake, mikono kiunoni.

"Hapa," akasema. "Nilichimba mwenyewe. Na yangu uilete, mwaitu, usinitumie kwa simu ya mtu."

Imeshasafishwa, iko katika bahasha. Jumamosi napanda tena basi la Sultan Hamud.