Osaka: Mji usiomcheka anayekula peke yake

KWETU, mtu akionekana hotelini amekaa pembeni peke yake na sahani yake ya wali, watu humtazama mara mbili. Wako watakaosema ni mchoyo, na wako watakaomhurumia wakidhani ana msiba. Ndiyo maana wengi wetu tukifikiria safari, hufikiria kundi: jamaa, chama au wanafunzi wenzetu. Asiyepata wa kuandamana naye hubaki nyumbani.

Lakini, msomaji mpendwa, uko mji mmoja nchini Japani ambamo anayekula peke yake hana wa kumcheka, na mwenye pesa chache hana haja ya kujificha. Mji huo ni Osaka, mwendo wa takribani saa mbili na nusu kutoka Tokyo kwa garimoshi liendalo kasi.

Tokyo ndiyo yenye serikali, na Kyoto iliyo jirani ndiyo yenye mahekalu. Osaka ni mji wa wafanyabiashara. Enzi za makabaila, mchele wa sehemu nyingi za nchi uliletwa hapa kuhifadhiwa na kuuzwa, hata mji ukapewa jina la jiko la taifa. Wenyeji wana salamu ya kale isemayo "Mokarimakka?", yaani, je, unapata faida? Naye aliyesalimiwa hujibu, "Bochi bochi", yaani, hivi hivi tu.

Kitanda cha nani?

Tusidanganyane: nauli ya ndege ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya akiba yako. Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi, na wengi hubadilisha ndege katika miji ya Ghuba. Aidha, Mkenya huhitaji viza, kwa hivyo anza mipango mapema.

Ukishatua katika uwanja wa Kansai, uliojengwa juu ya kisiwa kilichoundwa na binadamu baharini na kufunguliwa mwaka 1994, makali hupungua. Katika miaka ya karibuni yeni moja imekuwa chini kidogo ya shilingi moja ya Kenya. Basi bei uionayo ichukue kana kwamba ni ya shilingi, na hutakuwa umekosea sana. Achana na teksi. Garimoshi la kawaida la kampuni ya Nankai litakufikisha mjini kwa chini kidogo ya yeni 1,000.

Shuka katika kituo cha Shin-Imamiya. Karibu na hapo pana mtaa ambao wenyeji wa tangu zamani huuita Kamagasaki. Humo utapata vyumba vya yeni 2,000 hadi 4,000 kwa usiku, kulingana na msimu. Chumba huenda kikawa na upana wa mikeka mitatu ya tatami tu, yaani nafasi ya godoro, mkoba wako na viatu. Ni kidogo, lakini ni kisafi na mlango una kufuli.

Ila fahamu unalalia kitanda cha nani. Vyumba hivyo havikujengewa watalii. Vilikuwa vya vibarua waliosimama alfajiri wakingoja gari la mwajiri, kama wanaume wanavyongoja kwenye malango ya viwanda vya Industrial Area, Nairobi. Mwaka 1961 walizusha ghasia baada ya mwenzao kugongwa na gari na polisi wakaonekana kutomjali. Ni watu kama hao waliojenga viwanja vya Maonyesho ya Dunia ya Osaka ya mwaka 1970, ambayo yalihudhuriwa na watu zaidi ya milioni 64.

Baadaye kazi ilipungua na vibarua wakazeeka. Kituo kikubwa walichotafutia kazi, kilichofunguliwa mwaka huo huo wa 1970, kilifungwa mwaka 2019. Wenye nyumba nao wakawageukia wasafiri. Hata hivyo, wazee wangali wapo. Utawaona wameketi kando ya barabara asubuhi. Usiwapige picha. Inamisha kichwa kidogo, useme "Ohayo gozaimasu", upite.

Chakula cha mtu mmoja

Tumbo lako halitateseka. Osaka ndiko vilikobuniwa vyakula na malazi yanayomfaa mtu mmoja mwenye sarafu chache. Mwaka 1958 bwana Yoshiaki Shiraishi, baada ya kuona chupa za bia zikisafirishwa kwa mkanda kiwandani, alifungua mkahawa ambamo sahani za sushi huzunguka mbele ya wateja. Unaketi, unachukua sahani uipendayo, kisha unalipia idadi ya sahani ulizomaliza.

Mwaka huo huo, katika kibanda nyuma ya nyumba yake huko Ikeda, nje kidogo ya jiji, Momofuku Ando alibuni tambi zinazoiva kwa kumwagiwa maji moto tu. Mwanafunzi yeyote wa bweni anajua deni tulilo nalo kwake. Jumba la makumbusho la tambi hizo liko Ikeda na kiingilio ni bure. Hoteli ya kwanza ya vijumba, ambamo kila mgeni hujipenyeza katika kitundu chake kama nyuki katika sega, ilifunguliwa hapa pia, mwaka 1979.

Barabarani, tafuta takoyaki, vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani. Subiri vipoe, maana vimewaunguza wengi ulimi. Katika mtaa wa Shinsekai, ambao ni mwendo wa miguu kutoka chumbani kwako, kuna kushikatsu, yaani nyama na mboga zilizotungwa kwenye vijiti na kukaangwa. Kama huli nguruwe, uliza kwanza. Mchuzi ukiwa katika bakuli la wote, chovya mara moja tu, ukishauma, usirudie. Vibanda vingi sasa huweka mchuzi katika chupa, lakini sharti lingali maarufu. Na usiache bahashishi. Haiko katika desturi yao.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Katika ngazi za umeme, watu wa Tokyo husimama upande wa kushoto, lakini wa Osaka husimama kulia. Garini, usizungumze kwa simu.

Desturi itakayokutoa jasho ni sento, bafu la umma, ambalo gharama yake ni kama yeni 600. Wanaume na wanawake wana sehemu mbalimbali, na kila mtu huingia uchi. Kaa kwenye kigoda, jisugue, ujisuuze mpaka povu liishe, ndipo uingie katika maji ya moto ya wote. Taulo lisiguse maji. Dakika za kwanza utatamani ardhi ipasuke. Kisha utagundua kwamba hakuna anayekuangalia, na kwamba humo huwezi kumtofautisha meneja na kibarua.

Kabla ya kuondoka, panda treni ya chini ya ardhi hadi Nagai. Uwanja wa michezo ulioko hapo ndio uliokuwa makao ya Mashindano ya Riadha ya Dunia ya mwaka 2007. Katika joto kali la Agosti, Luke Kibet alitwaa dhahabu ya marathoni, na siku chache baadaye, Septemba 2, Catherine Ndereba akaifuata na yake. Bustani inayouzunguka haina kiingilio. Tembea humo polepole, hata kama hakuna wa kukupigia makofi.

Utarudi nyumbani mfuko ukiwa mwepesi, lakini hutarudi mtupu. Utakuwa umeuona mji ambamo mtu asiye na mwenzi wala pesa nyingi ametengewa kiti chake, sahani yake na mahali pa kulala. Siku nyingine ukimwona mtu River Road anakula peke yake, usimtazame mara mbili. Msogezee chumvi.