Funika Mkanda Kwanza, Nguvu Baadaye

Wasee wa magari, leo tuongee ukweli. Tukikutana Jumapili na boneti zikafunguliwa, tunaonyeshana tabochaja, paipu zilizong'arishwa na puli za rangi. Sijawahi kusikia mtu akisema, "Hebu cheki kifuniko cha mkanda wangu." Lakini mimi siku hizi ndicho ninachokitafuta kwanza. Gari likiongezwa nguvu halafu mikanda yake ibaki wazi, kwangu hiyo kazi haijaisha, hata kama sauti yake inatikisa madirisha ya mtaa mzima.

Nitaongea kuhusu Subaru kwa sababu ndizo ninazozijua. Kaka yangu ana Impreza WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, yenye injini ya EJ20, na Jumamosi nyingi niko naye gereji, kamera mkono mmoja, tochi mkono wa pili. Na haya mapenzi ya Subaru hatukuyaanza sisi. Baba zetu walimshangilia Patrick Njiru kwenye Safari Rally miaka ya 1990, na mwaka 1997 walimwona Colin McRae akiishinda Safari hiyo ndani ya Impreza. Sisi tumerithi tu ugonjwa.

Sasa, gari likitoka kiwandani Japani, mikanda ya mbele ya injini huwa imefunikwa na plastiki nyeusi inayoshikwa na bolti chache. Plastiki hiyo ikizeeka inakauka na kupasuka. Fundi anaitoa abadilishe alteneta, anaona bolti moja imepotea, anaiweka kando. Mwenye gari naye akiona puli yake mpya ya bluu inazunguka pale wazi, anafurahi. Kifuniko hakirudi tena.

Ili tuelewane, kuna mikanda ya aina mbili hapo mbele. Ya nje ndiyo tunayoiita fenbelti, na ndiyo inayozungusha alteneta, pampu ya usukani na kompresa ya eisii. Ndani, nyuma ya vifuniko vyake, kuna mkanda wa taimingi, ambao kwenye EJ20 unazungusha pia pampu ya maji. Fenbelti ikikatika, usukani unakuwa mzito na betri inaacha kuchaji. Hiyo unaweza kuvumilia hadi ufike gereji. Lakini kuna wasee wanaotoa hata vifuniko vya taimingi ili watu waone ndani. Hapo kipande cha fenbelti iliyokatika, au jiwe dogo, kikiingia kwa mkanda wa taimingi na mkanda ukaruka meno, valvu zinagongana na pistoni. Injini imekwisha. Pesa ya tabochaja, ya eksozi na ya rimu zote zimeenda na urembo wa kuonyesha mkanda.

Ila injini unaweza kununua nyingine. Kidole huwezi.

Siku moja nilifanya hesabu kwa simu. Puli ya krenki niliyoipima ina kipenyo cha karibu sentimita 14. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, hiyo ni mara 100 kwa sekunde, na kila mzunguko unavuta mkanda karibu sentimita 44. Kwa hivyo gari limesimama kabisa, handibreki iko juu, lakini mkanda unapita mbele ya tumbo lako kwa kasi ya karibu kilomita 158 kwa saa. Hata injini ikiwa imetulia tu, mkanda unaenda kasi kuliko mtu anayekimbia polepole. Ukishikwa, hakuna wakati wa kusema "ngoja".

Pale gereji kuna kijana wa kazi, ana miaka 20 hivi, ambaye kidole chake cha kati cha mkono wa kulia kinaishia katikati. Ilitokea gereji nyingine kabla aje kwetu. Mteja alitaka kusikia mlio fulani, akakanyaga mafuta, kijana akainama kusikiliza, mkono wa ovaroli ukachukuliwa. Nilimwuliza walimsaidia vipi. Akaniambia, "Walinipa elfu mbili ya hosi, na wakaniambia nikipona nirudi. Sikurudi." Alisema hivyo akiendelea kukaza nati, spana ikiwa imeshikwa kwa njia yake mwenyewe aliyojifunza upya.

Mtu akiniambia, "Lakini nani mwenye akili anaweka mkono pale?" huwa namfikiria huyo kijana. Gari la kawaida linafunguliwa boneti wakati wa sevisi. Gari lililorekebishwa linafunguliwa kila wiki, na mara nyingi injini ikiwa inanguruma, kwa sababu unatafuta mvujo wa hewa, unasikiliza mlio, unapima presha. Kwa hivyo gari letu ndilo linalohitaji kifuniko kuliko Probox ya kupeleka mayai sokoni. Sisi tumefanya kinyume.

Na hili si jambo geni kwetu. Aliyekulia kijijini anajua mkanda wa kisiagi. Ulikuwa ukitumwa kusaga mahindi, shosho anakwambia ukae mbali na ule mkanda na ufunge leso vizuri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo inataka sehemu hatari za mashine zinazozunguka ziwekewe kinga. Nyanya na serikali wamekubaliana kitu kimoja, na hiyo si kawaida.

Haya, kifuniko chenyewe. Kuna vya aluminiamu vinavyoagizwa kutoka nje, vizuri sana, lakini ukijumlisha usafiri na ushuru unaanza kuhesabu kodi ya nyumba. Sisi tulianza na kadibodi. Injini imezimwa na imepoa, ufunguo uko mfukoni, tukakata kadibodi ya katoni ya maziwa hadi ikakaa sawa juu ya puli zote. Tulirudia mara tatu. Kadibodi ni ya bure, kosea hapo.

Kisha tukaenda Kamukunji, kwa wale mafundi wa masanduku ya shule. Nilijua tu kwamba sanduku nililobeba nikienda bweni halikuwahi kunikata mkono. Mzee mmoja aliishika ile kadibodi akaigeuzageuza.

"Kijana, hii ni sanduku ya nini? Haina chini."

"Ni ya kufunika mikanda ya gari, mzee. Isikate watu."

"Basi ukingo tutaukunja mara mbili. Kama ya watoto."

Alikunja bati la aluminiamu la milimita 2 kwa nyundo ya mbao juu ya kipande cha reli, kona zikashikwa kwa ribiti. Hakutumia rula baada ya kuchora mara ya kwanza. Alitutoza shilingi 1,800, na bado nadhani tulimlipa kidogo.

Kuna mambo ambayo ukitengeneza chako usiyapuuze. La kwanza, kifuniko kishikwe na injini yenyewe, sio na bodi ya gari. Injini imekalia mipira na inacheza ukikanyaga mafuta. Kifuniko kikifungwa kwa bodi, injini itakuja kukigonga. Sisi tulitumia matundu yale yale ya bolti za plastiki ya zamani.

La pili, acha nafasi. Mkanda ukivutwa ghafla unapiga mawimbi, kwa hivyo tuliacha kama milimita 15 kati yake na bati. Lakini pembeni, pale mkono unaweza kuingilia, teremsha ukingo uwe chini kuliko mkanda. Kifuniko ambacho kidole kinapita chini yake ni mapambo tu.

La tatu, joto. Alteneta inahitaji hewa, kwa hivyo toboa matundu, ila yawe madogo kuliko ncha ya kidole cha mtoto. Weka washa za mpira na nati zenye nailoni zisilegezwe na mtetemo, halafu baada ya kilomita 100 hivi rudi uzikaze. Na hakikisha kinatoka kwa spana moja. Kikisumbua kutoa, fundi atakayefuata atakitoa na kukiacha, tutarudi pale pale.

Hakitakukinga na kila kitu. Puli ikivunjika kwa kasi, bati la milimita 2 linaweza kupunguza madhara tu, lisikupe kiburi. Na feni za radieta kwenye hizi Subaru zinatumia umeme, zinaweza kuwaka zenyewe joto likipanda. Mkono wako bado unahitaji adabu.

Kuna wanaosema kinaongeza uzito. Chetu hakifiki hata kilo moja, na anayelalamika ana spika mbili kubwa kwa buti. Kuna wanaosema kinaficha kazi nzuri. Kipake rangi, chora jina la gari lako, fanya unavyotaka. Cha kaka yangu kiko vile vile na alama za nyundo, na kila tukifungua boneti watu wanauliza ni cha kampuni gani.

Yule kijana wa gereji alikikagua siku tuliyokifunga. Alipitisha mkono wake pande zote, polepole, akitafuta pa kuingilia. Hakupata. Akasema tu, "Sasa hata mimi naweza inama hapa."

Kwa hivyo kabla uagize kitu kingine cha kuongeza nguvu, zima injini, fungua boneti, uangalie kama vile vifuniko bado viko. Kama havipo, kadibodi iko kwa kila duka.